Ukungu Urukao Hewani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu, Tukuyu)



Neno ukungu lina maana mbili, na nchi ya Rungwe yazijua zote mbili. Uko ukungu utandao mlimani asubuhi, na uko ukungu uotao juu ya mkate, ngozi na mahindi. Leo twataka kusema habari za huo wa pili.

Ukungu huu ni jamaa ya uyoga. Hauna mbegu kama mahindi, bali una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Makao yake ni udongo, majani yaozayo chini ya migomba, samadi, mabua yaliyoachwa shambani, na pembe za nyumba zisizopata jua. Kutoka huko chembe huchukuliwa na upepo, zikafika kila mahali. Mwaka 1928 huko London ukungu ulioletwa na hewa uliota katika chombo cha Bwana Alexander Fleming, na kwa njia hiyo dawa ya penisilini ikajulikana. Basi si kila ukungu ni adui.

Lakini uko uuao. Mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizuka Dodoma na Manyara. Ukungu ule hupenda nchi za joto. Kwetu penye baridi na mvua nyingi huota mwingine katika magunzi, mweupe au wa rangi ya waridi, nao pia una sumu. Kupika hakuiondoi.

Hatuwezi kuuzuia upepo, lakini twaweza kuunyima ukungu maji, maana chembe haioti pakavu. Kwa hiyo twawaomba: mahindi yavunwe mara yakishakauka shambani, yaanikwe juu ya mkeka au uchanja, si juu ya udongo, yasitiwe ghalani yakiwa na unyevu. Punje zilizooza zitupwe, zisitiwe katika pombe wala wasipewe ng'ombe, maana iko sumu ipitayo hata katika maziwa. Naye afagiaye ghala kuukuu ajifunge kitambaa puani, asivute vumbi lake.

Walimu nao waweke kipande cha ugali mbichi katika chombo kilichofunikwa. Baada ya siku chache watoto watajionea wenyewe kilichokuwamo hewani.