PAMPU YA MAJI IKIFA, USIHESABU KILOMITA
Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa vijana wa usafirishaji, kambi ya Mahama



Leo tunazungumza juu ya pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ile ambayo Kigali wengi huiita Lifan. Baadhi ya vijana wetu wanaiendesha Kigali, hasa Biryogo, kwa sababu pale Kiswahili kinasemwa barabarani na dukani tangu zamani, na mgeni anapata kueleweka haraka. Wengine wanamwendeshea tajiri, wengine wanaendesha chombo kilichonunuliwa na kikundi chao cha akiba. Swali lililorudi mara nyingi katika vikao vyetu ni hili: pampu ya maji ikifa njiani, je, naweza kuendelea kuendesha hadi nifike?

Jibu ni hili: simama. Ukiwa mahali pa hatari unaweza kuisogeza kidogo, lakini kwa masharti. Nitaeleza sababu, kwa maana mtu akijua sababu hasahau.

KAZI YA PAMPU

Injini nyingi za pikipiki hizi za mizigo zinapozwa kwa maji. Maji yanapita kandokando ya silinda yakichukua joto, yanakwenda kwenye rejeta mbele, yanapoa kwa upepo na feni, kisha yanarudi. Anayeyasukuma ni pampu. Pampu ikifa, rejeta inaweza kuwa imejaa maji na feni ikawa inazunguka vizuri, lakini maji yamesimama. Yale yaliyo ndani ya injini yanachemka, na yale yaliyo kwenye rejeta yanabaki baridi bila kazi.

Wengine watauliza: mbona magari ya zamani yalikwenda bila pampu? Ni kweli. Gari la Ford Model T, lililoanza kutengenezwa mwaka 1908, kwa miaka mingi halikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka. Lakini lile lilitengenezwa hivyo makusudi, likiwa na rejeta kubwa iliyosimama juu na njia pana za maji. Pikipiki yetu ina rejeta ndogo na njia nyembamba. Mzunguko wa namna hiyo unaweza kuwepo kidogo, lakini hautoshi kupandisha mzigo kwenye vilima vya Kigali.

Jambo jingine ni urefu wa mahali penyewe. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana ili yasichemke mapema. Kwa hiyo kifuniko kibovu pamoja na pampu mbovu ni maradhi mawili kwa mgonjwa mmoja.

DALILI

1. Sindano au taa ya joto inapanda upesi, hasa ukiwa na mzigo mlimani.
2. Injini ni moto sana, lakini ukikaribisha mkono kwenye rejeta bila kuigusa husikii joto. Hii ina maana maji hayafiki. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa ile valvu ya joto imekwama. Fundi atatofautisha.
3. Maji yanadondoka kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu, au pampu inapiga kelele ya kusaga.
4. Oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia ndani. Usiiwashe tena hata kwa dakika moja.

Angalieni pia: maji yakiisha kabisa, sindano inaweza kushuka, na dereva akafurahi kwamba injini imepoa. Haijapoa. Kipimo kimekosa maji ya kupima.

UKISIMAMA, FANYA HIVI

Zima injini. Usiiache iungurume huku unatafuta simu au unabishana na mwenye mzigo. Biryogo kuna barabara iliyofungwa kwa magari tangu mwaka 2021, ambako watu hukaa nje kula na kunywa chai. Madereva wengi hushusha mzigo pembeni yake huku injini inanguruma. Kwa chombo chenye pampu mbovu, kusimama hivyo ni kukipika.

Shusha mzigo. Ngoja nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Yale maji yamebanwa, na yamepita joto la kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote mara moja na kuruka usoni. Wala usimwagie injini maji baridi juu, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni kituo cha afya.

Na yale maji ya rangi yanayowekwa kwenye rejeta ni sumu. Mengi yana ladha tamu, kwa hiyo mtoto anaweza kuyanywa. Msiyaweke kwenye chupa ya soda, wala msiyamwage penye watoto na mifugo.

KAMA NI LAZIMA KUSOGEA

Labda umekwama katikati ya barabara, au giza linaingia. Kwanza tafuta watu wa kusukuma. Wakikosekana, na oili ikiwa safi, shika masharti haya:

Bila mzigo na bila abiria. Kila kilo inayopungua ni joto linalopungua.

Jaza maji hadi juu injini ikiwa imepoa. Maji yasipofika juu, hata ule mzunguko mdogo unakufa.

Endesha polepole dakika mbili tatu, zima, ngoja ipoe kabisa, kisha endelea. Usiseme "imebaki kilomita moja tu." Injini haijui kilomita, inajua joto. Kilomita moja ya kupanda inaweza kuiua, na tatu za tambarare, kwa kupumzika, ikazimaliza.

Kwenye mteremko, kama ule wa kushuka Rwampara, injini inapumzika kwa kuwa huiongezei mafuta. Lakini usiweke gia huru wala usizime injini ili kuserereka. Breki peke yake zinapata moto na kukosa nguvu, na chini kuna watoto wa watu. Acha gia ndogo ishike.

Sindano ikifika kwenye nyekundu, safari imekwisha hapo hapo.

Asiyefuata haya atapata nini? Kifuniko cha silinda kinapinda, gasketi inaungua, pistoni inavimba na kukwama ndani ya silinda. Pampu ni kipuri kidogo. Ukishaua injini, unanunua pistoni, gasketi na kazi ya fundi ya siku kadhaa, na mara nyingine injini nzima. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUNUNUA PAMPU

Nenda dukani na pampu ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya bolti, urefu wa shafti, na upande ambao panga zake zimeelekea. Panga zikielekea kinyume, pampu itazunguka na maji hayatakwenda vizuri. Nunua na gasketi yake na sili zake. Dai risiti. Kipuri kisicho na risiti kinaweza kuwa cha wizi, na mkimbizi hahitaji kesi ya namna hiyo.

KIKUNDI KIAMUE MAPEMA

Ndugu zangu, madereva wengi wanajua kwamba inafaa kusimama. Wanaendelea kwa sababu ya hofu. Tajiri anapiga simu akisema fika tu. Muda wa karatasi ya ruhusa unaisha, na Mahama iko mbali, ng'ambo ya Kayonza, huko wilayani Kirehe. Wanachama watasema kijana amechelewesha mapato. Kwa hofu hiyo mtu anaua chombo kilichonunuliwa kwa michango ya akina mama waliouza sehemu ya posho yao.

Kwa hiyo naomba vikundi viandike mambo matatu kwenye daftari la mkutano. Kwanza, dereva ndiye anayeamua kusimama, na halaumiwi kwa kusimama. Pili, kila wiki fedha kidogo ziwekwe kando kwa ajili ya matengenezo, zisiguswe kwa mambo mengine. Tatu, dereva awe na namba ya simu ya mtu mmoja kambini atakayewajulisha viongozi mapema kwamba amekwama, ili ruhusa yake ishughulikiwe kabla muda haujaisha.

Nanyi mnaomwendeshea tajiri, elewaneni naye kabla ya kupokea ufunguo: pampu ikifa nani analipa, na nani anaamua. Maneno hayo ni rahisi asubuhi injini ikiwa baridi.

Mwenye swali aje tuzungumze.