Malkia Elizabeth wa Kwanza na Siasa ya Kukawia



Nimetakiwa nizungumze juu ya maisha na enzi ya Elizabeth wa Kwanza, aliyekuwa malkia wa Uingereza tangu 1558 hata 1603, na kwa kuwa habari za manowari na washairi wa zama zake zimekwisha kusimuliwa sana, nimeona afadhali nishike jambo moja tu, yaani ile tabia yake ya kukawia kukata shauri, ambayo mawaziri wake waliihesabu kuwa ila kubwa, na mimi naiona kuwa ndiyo iliyokuwa roho ya utawala wake.

Alizaliwa Greenwich tarehe 7 Septemba 1533, binti wa Mfalme Henry wa Nane na Anne Boleyn. Hajatimiza hata miaka mitatu, mama yake alikatwa kichwa kwa amri ya baba yake, naye mwenyewe akatangazwa kuwa si mtoto wa halali. Alilelewa katika elimu, akafundishwa na Roger Ascham lugha za Kilatini na Kiyunani, juu ya Kifaransa na Kitaliano. Walakini darsa iliyomwingia moyoni zaidi aliipata mwaka 1554, alipokuwa msichana wa miaka 20, pale dada yake, Malkia Mary, alipomtia mahabusi katika Mnara wa London, ngome ile ile alimouawa mama yake, kwa tuhuma ya kushiriki uasi wa Thomas Wyatt. Alihojiwa sana, akajibu kwa hadhari kubwa. Na kwa kuwa hapakupatikana waraka wa mkono wake wa kumtia hatiani, alisalimika. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipoyakinisha kwamba neno ambalo halijatamkwa haliwezi kumwua mwenyewe.

Alipotawazwa alikuta hazina ina deni na raia wamegawanyika kwa madhehebu, na Bunge likamsihi mara kwa mara aolewe. Philip wa Hispania alimposa, na wana wa wafalme wa Austria na Sweden kadhalika. Na yule mtawala wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, alipewa hata pete mwaka 1581. Wako wasemao kwamba kisa cha mama yake kilimtia hofu ya ndoa, na hilo silipingi. Lakini nani asiyeona faida ya posa ambayo haikukubaliwa wala haikukataliwa? Madamu mposaji alikuwa na tamaa, taifa lake lilisita kuleta vita, na Uingereza, iliyokuwa dhaifu, ilipata muda wa kujiimarisha.

Siasa hiyo ilikuwa na upande wa giza, nao ulidhihirika katika jambo la Mary, malkia wa Scotland, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1568, akafungwa humo miaka 19. Baada ya Mary kuhukumiwa kufa kwa kushiriki njama ya kumwua Elizabeth, hati ya kifo ilikaa bila ya kutiwa sahihi mpaka tarehe 1 Februari 1587, ambapo katibu wa Elizabeth, William Davison, aliipeleka mbele ya malkia, naye akaitia sahihi. Siku ya pili alituma neno kwamba muhuri usitiwe kwanza, akaambiwa umekwisha kutiwa. Mawaziri wakakutana pasipo kumwarifu, wakaipeleka hati Fotheringhay, alikofungwa Mary, na tarehe 8 Mary akakatwa kichwa. Elizabeth alipopata habari alilia, akaghadhibika, akamwandikia James, mwana wa marehemu, kujivua lawama, na Davison akatiwa katika ule ule Mnara wa London. Katika jambo hili sina la kumtetea, maana kumbebesha mtumishi mzigo wa sahihi yako mwenyewe ni dhuluma.

Wala kukawia hakukuzuia vita milele: mwaka uliofuata Hispania ilileta manowari zipatazo 130, zikashindwa kwa mizinga, moto na dhoruba. 

Shauri la mwisho alilolikawiza Elizabeth ni la mrithi. Alikataza lisijadiliwe, kwani alikumbuka jinsi watu walivyomiminika kwake Hatfield ilhali dada yake yungali hai. Hatari ilikuwa kubwa mno, maana lau angefariki kwa ndui iliyomshika mwaka 1562, vita vya wenyewe kwa wenyewe visingalikuwa mbali. Alipokufa Richmond tarehe 24 Machi 1603, ufalme ulimwendea James yule yule kwa amani, kwa sababu waziri Robert Cecil alikuwa amekwisha kuandikiana naye kwa siri. Kwa hiyo katika suala hili sifa ni ya mtumishi kuliko ya malkia, na hapa ndipo ningependa wanasemina wenzangu waanze kunihoji.