KUTAFUTA WATEJA WAPYA WA UPISHI
Hotuba ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya kikundi chetu cha akina mama wapishi. Sufuria na majiko yao yalinunuliwa kwa mkopo wa mfuko wa chama, yaani fedha tulizochanga kwa ajili ya matanga na karo za watoto. Fedha hizo zisiporudi, mwenye haja atakayetujia kesho ataondoka mikono mitupu. Harusi zetu wenyewe hazitoshi kuzirudisha. Harusi za Waislamu wa mji huu hukoma Ramadhani ikiingia, na miezi mingine sufuria hulala kifudifudi. Hatuna budi kutafuta wateja wapya.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini pilau iliyofunikwa haimnukii aliye mbali. Penye karamu ya watu mia mbili, aliyelipa ni mmoja. Waliobaki ni wateja ambao hawajaulizwa. Basi kila mama anayepakua awe nadhifu na ajue bei ya sahani, na jina la kikundi na namba ya simu viandikwe wazi hapo mezani. Siku ya pili mwenye karamu apigiwe simu, ashukuriwe, na aulizwe kilichopungua. Aliyesikilizwa vema atatutaja kwa jirani yake.

Pili, twendeni mahali ambapo watu hulazimika kula pamoja mbali na nyumbani: maofisi yenye mikutano, shule, makanisa na vyama vya ushirika. Wapelekeeni asubuhi mahamri na mbaazi za nazi waonje. Msimtafute mkubwa peke yake, bali pia karani anayeagiza chakula, mkamwachie karatasi ya bei.

Tatu ni vyeti. Kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya ambacho muda wake haujapita, na kikundi kiwe na leseni ya kaunti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 imetenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mlango huo u wazi kwa kikundi kilichoandikishwa. Lakini jihadharini: malipo ya serikali huweza kuchelewa miezi mingi, na muuza mchele hangoji. Tusiombe zabuni inayozidi akiba yetu.

Mwisho, nusu ya malipo itangulie kabla ya kwenda sokoni. Wala tusishushe bei hata nyama ikapungua sahanini, kwa maana mgeni aliyeondoka na njaa hukosesha wateja kumi.

Nanyi wazee mna kazi. Hakuna kati yenu asiyejulikana katika ofisi, shule au kanisa fulani. Mkitufungulia mlango huo, chakula kitajisemea chenyewe.