Tunaomba Karatasi Moja ya Bluu: Maneno ya Katibu kwa Wanachama wa Tawi, Jumapili 24 Julai 2022

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wa tawi leo alasiri. Nimeyaandika kwa sababu wengi hamkuweza kufika, na kwa sababu kuna sauti iliyokatwa katikati inayozunguka kwenye magrupu ikinifanya nionekane kama nimehama chama. Sijahama. Tafadhali soma yote kabla ya kujibu.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na mgombea wetu wa wadi uliyeketi hapo mbele, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya Gavana wetu kurudi ofisini. Mimi kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya hesabu. Mtu wa hesabu akianza kumwambia mwenye duka kile anachopenda kusikia, duka hufungwa. Kwa hivyo nitawaambia ninavyoona.

Lee Kinyanjui anapendwa. Hilo halina ubishi. Disemba tarehe 1 mwaka jana Rais alikuja hapa akatupa hati ya jiji, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na watu wanajua ni nani aliyeifuatilia. Ukienda Kaptembwo, ukienda Free Area, ukipanda hadi Njoro, utakutana na kijana amevaa fulana ya njano ya wilbaro na bado atakwambia, "Huyu Lee amefanya kazi." Ukisikia hivyo unafurahi, unapiga picha, unaituma hapa kwenye grupu. Lakini ngoja amalize. Atasema, "Ila mwaka huu ni wilbaro juu mpaka chini."

Hapo ndipo tulipo. Tunasikiliza nusu ya kwanza tu.

Kumbukeni 2017. Kazi ngumu mwaka ule ilikuwa mchujo wa Aprili. Lee alimwangusha gavana aliyekuwa ofisini, Kinuthia Mbugua, akachukua tikiti ya Jubilee. Baada ya hapo Agosti ilikuwa mteremko, maana Uhuru na Ruto walikuwa kwenye karatasi moja, na katika kaunti hii yeyote mwenye tikiti ya Jubilee alikuwa na upepo mgongoni. Kwa lugha yangu, akaunti ile ilikuwa na pesa za aina mbili zilizochanganywa: mtaji wake mwenyewe, na mkopo wa chama. Hatukuwahi kuzitenganisha kwa sababu hakukuwa na haja. Sasa mkopo umeitishwa, na tunatakiwa kujua mtaji ni kiasi gani.

Dalili zilianza kitambo. Baada ya handisheki ya Machi 2018 wengine walidhani ni maneno ya wanasiasa tu, yataisha. Machi 2021 tukaenda uchaguzi mdogo wa wadi ya London, hapa hapa mjini Nakuru, UDA wakatushinda. Mei tukapoteza Juja. Julai tukaenda Kiambaa, mlangoni kwa Rais, wakapata 21,773 sisi 21,263. Kura 510. Hazijazi hata kituo kimoja cha kupigia kura, lakini kiti kilienda. Katika chaguzi hizo zote wagombea wetu hawakuwa watu wabaya. Walibeba jina la chama wakati jina lilikuwa zito.

Halafu kuna gharama ya maisha. Jumatano iliyopita serikali imetangaza unga wa kilo mbili ushuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Ni jambo jema, ingawa mama anayeukosa dukani kwa bei hiyo anatuuliza sisi, haulizi mwenye kinu. Chama chetu ndicho kinachoitwa serikali. Naibu Rais amekuwa kwenye serikali hiyo hiyo miaka ile ile kumi, lakini mwananchi ameamua lawama ni zetu peke yetu. Si haki. Lakini ukibishana na mpiga kura kuhusu haki wiki mbili kabla ya uchaguzi, utashinda ubishi na kupoteza kura.

Je, wimbi kama hili humwacha mtu akiwa amesimama? Jibu liko hapa nyumbani. Mwaka wa 2007 wimbi la ODM lilipopita Bonde la Ufa, wana watatu wa Mzee Moi walianguka siku moja: Gideon Baringo ya Kati, Jonathan Eldama Ravine, na Raymond hapa kwetu Rongai. Nicholas Biwott naye akaanguka Keiyo Kusini. Watu walisema familia ile imekwisha. Lakini 2013, wakati ambapo upande ule wote ulikuwa ukipiga URP, Raymond Moi alirudi Rongai kwa KANU na akashinda. 2017 akashinda tena, kwa KANU ile ile, huku watu wa Rongai wakimpa urais mtu wa Jubilee. Jirani zetu wa Laikipia mwaka huo huo walimchagua Ndiritu Muriithi akiwa mgombea huru, wakamwacha gavana wa Jubilee, na bado urais wakampa Uhuru. Kwa hivyo mpiga kura wetu anajua kutenganisha karatasi. Amefanya hivyo macho yetu yakiona.

Lakini angalia alifanya kwa namna gani. Hakuna aliyemwambia mtu wa Laikipia amwache Uhuru ndipo amchague Ndiritu. Angeambiwa hivyo, angebaki na Uhuru.

Sasa tufanye hesabu rahisi. Hizi si takwimu za utafiti, ni mfano tu wa kupimia. Chukua watu 100 waliosimama foleni. Tuseme 70 kati yao wanataka Ruto awe Rais, na 30 wanamtaka Raila. Ugavana hauhitaji nusu ya kura zote na moja juu yake, anayeongoza ndiye anayechukua, lakini mwaka huu ushindani ni wa watu wawili wazito, kwa hivyo tuseme Lee anahitaji 51. Ukipata wale 30 wote bila hata mmoja kupotea, bado una deni la 21. Hao 21 wako wapi? Wako ndani ya wale 70. Hakuna kwingine. Ni watu watatu katika kila kumi wa wilbaro.

Na wale 30 wenyewe si wote wa Lee. Wako wanaompenda Raila na wana hasira na kaunti. Mwenye matatu aliyehamishwa kutoka katikati ya mji hajasahau. Mchuuzi aliyechukuliwa bidhaa hajasahau. Kila mmoja wetu anawafahamu wawili watatu. Hao watembelewe, wasikilizwe, na wasiambiwe kwamba wanakosea kukasirika.

Kwa hivyo nawaomba jambo ambalo wengine halitawapendeza. Kuanzia kesho, mkiingia nyumba ambayo bendera ya wilbaro iko mlangoni, acheni mjadala wa urais. Ndiyo, nimesema hivyo. Karatasi nyeupe ni yake, amwekee anayemtaka. Mwambieni tunaomba karatasi moja tu, ile ya bluu. Mwambieni atafute picha ya Lee, aweke alama, halafu aendelee na nyingine atakavyo. Kura sita, sisi tunaomba moja.

Mwenyekiti aliniuliza kama huku si kuusaliti mrengo wa Azimio. Nilimjibu, na nawajibu nyote: mtu aliyeamua kumpigia Ruto hatampigia Raila kwa sababu mimi nimegombana naye sebuleni kwake. Kura ile ya urais haimo mfukoni mwetu, kwa hivyo hatuwezi kuipoteza. Lakini ya bluu tunaweza kuipata, na tunaweza pia kuiua kwa mdomo wetu. Nyumba za wafuasi wetu ni mambo mengine. Huko tafuteni zote sita na mhakikishe watu wanatoka.

Hapa ndipo nataka kumzungumzia mgombea wetu wa wadi, kwa heshima. Mheshimiwa, najua umechapisha mabango ya "suti kamili", na najua gavana akirudi bila wawakilishi wadi wa upande wake, bajeti yake itakuwa vita kila mwaka bungeni. Una haki ya kuomba kura. Lakini suti ni silaha ya mwenye wimbi. Kila tunapomwambia mpiga kura kwamba rangi moja ndiyo sawa, juu mpaka chini, tunamfundisha sheria ambayo wapinzani wetu watafaidi kuliko sisi. Atatusikia, atakubali, halafu ataivaa suti ya njano. Nakuomba ubadilishe maneno ya mabango yaliyobaki. Yaseme jina lako na kazi yako. Wewe pia unaishi kwa mtu anayetenganisha karatasi.

Kuhusu Seneta Kihika: ni mwanasiasa mzito, mwenye jina na mtandao mkubwa katika kaunti hii. Sitaki kusikia kwenye grupu hili matusi kuhusu jinsia yake au familia yake. Kwanza ni aibu. Pili, kila tusi linampa yule kijana wa fulana ya njano sababu ya kuacha kumsifu Lee.

Na tusijisahau tunaishi Nakuru. Wengine hapa Januari 2008 tulilala makanisani na uwanja wa maonyesho. Jirani yako wa wilbaro atakuwa jirani yako tarehe 10 Agosti, na ndiye utakayemwomba moto wa jiko. Mtu akikukataa mlangoni, mshukuru, uende nyumba inayofuata.

Mnaniuliza, basi Lee atashinda? Kwa vitabu vya leo, naona tuko nyuma, si kwa mbali. Anayewaambia kwamba mambo yameisha kwa sababu mkutano wa juzi ulijaa, mwulizeni wangapi kati ya waliokuja wanapiga kura katika wadi hii. Watu 21 katika kila mia ni kazi kubwa ya siku kumi na sita, lakini ni kazi inayohesabika. Kila balozi wa nyumba aandike majina ya watu kumi wa wilbaro wanaomsifu Lee. Si wafuasi wetu, tafadhali. Hao tunao tayari. Warudiwe mara mbili kabla kampeni hazijafungwa Jumamosi tarehe 6. Nataka orodha zenye majina. Idadi ya kukisia siichukui.

La mwisho ni maajenti. Kila kituo kiwe na mtu wetu kuanzia kufunguliwa hadi kura ya bluu ya mwisho ihesabiwe. Kura za urais huhesabiwa kwanza, na ajenti aliyekata tamaa akisikia matokeo ya urais huondoka kwenda kulala. Ajenti wa namna hiyo simtaki. Lee anaweza kushindwa kwenye karatasi nyeupe saa mbili usiku na kushinda kwenye ya bluu saa saba. Mtakaa, mtahesabu, mtatia saini Fomu 37A, mtachukua nakala yenu na kupiga picha ile iliyobandikwa mlangoni. Chakula na nauli vitatoka kwenye mfuko wa tawi, na stakabadhi nitazitaka.

Ambao bado hawajathibitisha majina ya maajenti watume kwangu binafsi, si hapa kwenye grupu, kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni. Orodha za majina kumi zinaletwa Jumapili ijayo, tarehe 31, saa nane, mahali petu pa kawaida.

Katibu wa Tawi