KULEA MIMBA NAKO NI KAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Kenya



Sikuja hapa kuwatukana wanaume. Nimezaliwa na mwanamume, na nimezaa wanaume. Nimekuja kwa neno moja tu. Wazee wetu husema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Nawaheshimu wazee, lakini aliyeyasema hayo hakupata kulima shamba la watu akiwa na mimba ya miezi saba, hana hata nauli ya kwenda hospitali.

Mwaka 1959 nchi hii ilipata sheria iliyompa mwanamke asiyeolewa haki ya kumshitaki aliyemzalisha ili atoe fedha za malezi. Mwaka 1969 Bunge likaifuta, ati wasichana wameigeuza biashara. Kumbukeni kwamba siku ile hapakuwa na mwanamke hata mmoja Bungeni. Bibi Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Basi kesi ya wanawake iliamuliwa na washitakiwa wenyewe!

Tulingoja sana. Sheria ya Watoto ya 2001 nayo iliuweka mzigo kwanza kwa mama, ikiwa wazazi hawakuoana. Ndipo Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikatamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la. Tunashukuru. Lakini msichana mwenye mimba akidai msaada, mara nyingi huambiwa, "Ngoja uzae kwanza." Je, mtoto aliye tumboni hali? Hula kile alacho mama yake. Mama akilala na njaa, wamelala wawili.

Wenzetu wa Ghana hawakungoja. Sheria yao ya Watoto ya 1998 yaruhusu baba aliyejulikana aamriwe kulipa gharama za matibabu ya mimba na kujifungua, na kumpa mama posho wakati wa mimba na miezi tisa baada ya kuzaa. Tena mama akiwa mwenyewe bado ni mtoto, asaidiwe kuendelea na masomo.

Wako watakaouliza: je, akitajwa mtu asiyehusika? Swali hilo ni la haki, wala tusilipuuze. Lakini siku hizi vipimo vya DNA vipo. Mtoto akizaliwa, ukweli utajulikana: aliyesingiziwa awe huru, na aliye baba kweli alipe gharama zote za nyuma, tangu mimba ilipoanza.

Ndugu zangu, mgombea akija kuomba kura, msimwulize habari za barabara peke yake. Mwulizeni: utasimama Bungeni kumtetea mtoto kabla hajazaliwa? Akisitasita, nanyi kura zenu zisitesite.