Nyuma ya Kisanamu: Kuchagua Mandhari ya Filamu za Vitofali Kibondo na Kasulu

Filamu ya vitofali ni kazi ya subira. Mtoto anakisogeza kisanamu kidogo, anapiga picha, anakisogeza tena, anapiga nyingine, hadi picha zikipitishwa haraka kisanamu kinatembea. Watoto wawili wa Denmark, Lars na Henrik Hassing, walitengeneza safari ya mwezini kwa vitofali vya LEGO mwaka 1973, wakati huo kwa kamera ya filamu. Leo simu moja ya kawaida inatosha. Tunapowasaidia watoto wetu, tunashughulika sana na vitofali na hadithi, tukisahau kile kinachojaza sehemu kubwa ya kila picha: mandhari ya nyuma. Hoja yangu ni kwamba, kwa filamu ya nyumbani, mandhari yaliyotengenezwa kwa mkono, yenye rangi chache na tulivu, yanaishinda picha iliyochapishwa, na yanaishinda hata milima yetu yenyewe.

Naanza na milima, kwa sababu pingamizi lake ndilo lenye nguvu. Mtu atauliza kwa nini tuchore kilima kwenye boksi ilhali vilima halisi vya hapa kwetu Buha viko nje ya mlango, bila gharama. Tupige hesabu. Filamu ya picha 12 kwa sekunde inahitaji picha 720 kwa dakika moja. Kila picha ikichukua sekunde 15, kazi ni ya saa tatu nzima. Ukianza saa tatu asubuhi, unamaliza saa sita mchana. Jua limesogea nyuzi 45, na kivuli kilichokuwa kirefu kimejikunja miguuni. Mtazamaji atayaona hayo yote ndani ya dakika moja: vivuli vinakimbia, rangi ya anga inabadilika, na kila wingu la Novemba linalopita linageuka kumeta kwa ghafla kunakoumiza macho. Upepo nao unatikisa majani, na vumbi la kiangazi linaingia kwenye viungo vya vitofali na kuvikwaruza. Ndani ya chumba, dirisha likiwa limefunikwa na taa moja imesimama mahali pake, mwanga wa picha ya kwanza ndio wa picha ya 720. Hata hapo simu ifungwe isijirekebishe mwanga yenyewe, na mandhari yasiwe meupe ya kung'aa, maana kamera ikikutana na weupe mwingi huitia giza sura ya kisanamu.

Ukubwa nao una neno lake. Kisanamu cha LEGO kina urefu wa sentimeta nne hivi. Tukikichukua kama mtu wa mita 1.6, kila kitu kwenye meza kinakuzwa mara 40: jani la nyasi la sentimeta 12 linakuwa mti wa karibu mita tano, na changarawe ya milimita mbili inakuwa jiwe la sentimeta nane. Udongo wa uani ukiwekwa mbele ya kamera haufanani tena na udongo, unafanana na kifusi. Picha iliyochapishwa kwenye duka la vifaa vya ofisi ina shida nyingine. Mandhari yanapaswa kukaa sentimeta 20 au 30 nyuma ya visanamu ili kivuli chao kisiangukie juu yake, na kitu kilicho mbali na kamera mara mbili kinahitaji upana mara mbili. Karatasi ya A4 haifiki. Isitoshe, picha hiyo ina jua lake lenyewe. Taa yako ikitoka kushoto na jua la kwenye picha likitoka kulia, jicho linagundua uongo hata kama mtazamaji hawezi kueleza kilichomsumbua.

Kuhusu rangi, mwalimu bora tunaye hapahapa Tanzania. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka wanyama wake kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, mara nyingi nyuma yao akiacha rangi moja tu, na mnyama akajitokeza wazi. Vitofali vina rangi kali: nyekundu, njano, buluu. Udongo wetu ni mwekundu na nyasi za Agosti ni za njano, kwa hiyo nyumba nyekundu mbele ya udongo mwekundu inapotea, na uso wa njano mbele ya nyasi kavu unapotea vilevile. Karatasi ya kaki, upande wa nyuma wa kitenge kilichofifia, au boksi lililopakwa majivu na uji mzito wa unga wa muhogo vinafaa kuliko tunavyodhani.

Je, utulivu huo haufuti Kibondo na Kasulu katika filamu za watoto wao? Ningekubali, kama mandhari tulivu yangekuwa lazima yawe matupu. Lotte Reiniger wa Ujerumani, katika filamu yake ya vivuli ya mwaka 1926 kuhusu mwanamfalme Achmed, alijenga mbingu na milima kwa tabaka za karatasi nyepesi zilizomulikwa kutoka nyuma. Sisi tunaliona jambo hilohilo kila kiangazi, moshi wa mashamba na vumbi vinapotanda: kilima cha karibu kimekolea rangi, cha pili kijivu, cha tatu karibu kimeyeyuka angani. Vipande vitatu vya boksi, kila cha nyuma kikipauka zaidi, vimesimamishwa kwa kuachana kidogo, vinatoa vilima vyetu bila kushindana na kisanamu.

Liko pia pingamizi kwamba vitofali vyenyewe vimetoka ng'ambo. Mradi wa PlayMatters, wa kujifunza kwa michezo nchini Ethiopia, Tanzania na Uganda, ulipata dola milioni 100 za LEGO Foundation mwaka 2019, kwa hiyo jina la LEGO si geni kwa walimu wa mkoa wetu wa Kigoma. Lakini pingamizi hili linaipa hoja yangu nguvu. Kitofali huja kimekamilika kiwandani; kisanamu huja na kimo chake, na mara nyingi hata tabasamu lake limeshachapishwa. Mandhari ndiyo sehemu ya picha ambayo mtoto anaweza kuianza kutoka kwenye boksi tupu. Kwa mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, jambo hili ni zito zaidi. Anaweza kuichora Kivu ya Kongo aliyosimuliwa na bibi, au mtaa wa kambi anaoujua kwa miguu yake, au akaiweka Kivu kwenye tabaka la nyuma na mtaa kwenye la mbele. Hakuna picha ya dukani iliyopigwa kutoka mahali hapo. Kabla hajagandisha chochote, apige picha moja ya majaribio na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kisanamu kikipotea, abadilishe rangi ya kilima, wala asiguse hadithi.