Hotuba juu ya Ukubwa na Umbo la Jibini

Leo twataka kunena nanyi habari za jibini, yaani maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji yake, yakatiwa chumvi. Wengi wameiona dukani imekatwa vipande, wasijue ya kuwa kipande kile kilitoka katika gurudumu zima, na ya kuwa kila nchi ina kipimo chake.

Jibini ya Camembert, katika nchi ya Normandie huko Ufaransa, ni ndogo: upana wake sentimita 11, uzito wake gramu 250. Ni laini, haidumu, basi haina haja ya ukubwa. Edam ya Waholanzi ni mviringo kama mpira, na ile ipelekwayo ng'ambo hupakwa nta nyekundu.

Lakini na tupande milimani. Katika milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, hufanywa jibini iitwayo Comté. Gurudumu moja lapata kilo 40, nalo lataka maziwa lita 400 hivi, yaani madebe zaidi ya 20. Mtu mwenye ng'ombe watano atayapata wapi kwa siku moja? Ndiyo sababu tangu karne ya 13 watu wa huko wamechanga maziwa yao katika nyumba moja, chini ya fundi mmoja. Zamani theluji ilifunga njia miezi mingi. Maziwa mabichi hayakuweza kungoja, bali gurudumu kubwa liliweza, kwa maana hukauka polepole.

Na hapo ndipo penye shida. Maziwa yakiisha kumiminwa katika sufuria moja hayatengeki tena. Mmoja akiwalisha ng'ombe wake majani yaliyovundikwa shimoni, vijidudu vya majani hayo huweza kuingia katika maziwa, vikalala ndani ya jibini wiki nyingi, kisha vikafanya hewa hata gurudumu likavimba na kupasuka. Hasara si yake peke yake, ni ya majirani wote. Kwa hiyo sheria ya Comté yakataza majani hayo kabisa. Ni sheria kali, nasi twaiona ya haki.

Umbo nalo lina maana. Pembe hukauka na kuvunjika kwanza, na duara haina pembe. Tena gurudumu zito huweza kubingirishwa. Beaufort, jibini ya milima ya Savoie, ubavu wake umebonyea ndani kwa sababu ya pete ya mbao iifungayo ikiwa mbichi. Kubwa kupita hizi ni Emmental ya Uswisi, kilo 75 hata 120.

Huko Italia, katika nchi za Parma na Reggio, gurudumu la kilo 40 hivi hukaa ghalani miezi 12 kwa uchache, na muda huo wote mwenyewe hapati fedha. Basi iko benki, Credito Emiliano, ipokeayo magurudumu hayo kuwa rehani. Miezi 12 ikitimia, huja mkaguzi na nyundo ndogo, akagonga kila gurudumu na kutega sikio. Sauti ikimwonyesha kuwa mna nyufa kubwa ndani, alama zilizopigwa ubavuni hukwanguliwa, na jibini ile haiuzwi tena kwa jina lake.